Nyungu Nilizozipaka Rangi

Kabla ya semina ile hakuna mtu aliyewahi kuniita msanii. Niliitwa fundi, au yule wa mabango, na nilikuwa nimezoea. Kibanda changu kilikuwa Kitale, nyuma ya maduka ya mbegu na dawa za mifugo, na kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya hoteli, ya vinyozi na ya bucha. Kwenye bucha niliongeza ng'ombe mwenye tabasamu. Nilimchora huyo ng'ombe kwenye milango zaidi ya kumi, ingawa hata wakati ule niliona ni upuzi mnyama kuwachekea watu wanaokuja kununua mbavu zake. Wenye bucha walimpenda. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, hasira za karibu, na imani kubwa kwamba mji mzima haukuwa na macho.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mwalimu mmoja mstaafu alikuja kibandani akiwa na faili kwapani. Alisema kuna wafadhili wamekubali kuwakusanya watu wa kila aina ya sanaa wakae mahali pamoja kwa wiki sita, katikati ya wanakijiji, kila mmoja afanye kazi yake na ajifunze ya mwenzake. Mahali penyewe palikuwa stoo kuukuu ya mahindi upande wa Saboti, kwenye shamba la zamani lililokuwa limegawanywa. Yeye alipaita makazi ya wasanii. Sisi wengine tuliita semina, kwa sababu siku zile kitu chochote chenye chakula cha bure na daftari jipya kiliitwa semina.

"Wewe ni msanii, bana," aliniambia. "Si fundi tu."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa hivyo kila siku. Alipoondoka nilifunga kibanda saa nne asubuhi, nikakaa ndani peke yangu na makopo yangu, nikitabasamu kama ng'ombe wangu wa bucha.

Tulikuwa saba pale stooni, lakini habari hii inanihusu mimi na watu wawili wa kundi lile. Mmoja alikuwa mzee mpiga litungu kutoka karibu na Lugulu. Litungu lake, kinubi cha nyuzi cha watu wa kwao, lilikuwa na ngozi iliyopauka kwa kushikwa, na akilipiga saa kumi jioni watu waliacha majembe wakaja. Wa pili alikuwa mama mfinyanzi kutoka Sirisia, mwanamke mwembamba wa miaka sitini hivi, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Siku ya kujitambulisha kila mmoja wetu alijieleza kwa maneno mengi. Mimi nilisema natafuta mtindo wangu, maneno niliyoyasoma mahali. Zamu yake ilipofika, mama alisimama na kusema hivi tu:

"Mimi ni mfinyanzi. Binti zangu wamekataa hii kazi. Nimekuja kutafuta mikono miwili."

Akaketi. Mwalimu alisubiri aendelee, lakini alikuwa amemaliza.

Namna yake ya kufanya kazi sikuwahi kuiona kwa fundi mwingine. Hakufinyanga nyungu ambayo haina mwenyewe. Wanawake wa kijijini walipoanza kuja, kila mmoja alitakiwa alete udongo wake kutoka bondeni, aukanyage kwa miguu yake mwenyewe hadi ulainike, kisha aulizwe swali moja. "Kwako mnakula wangapi?" Mwanamke akisema watano, mama alipima udongo kwa viganja, akaanza. Mmoja alisema wanne, kisha akainama na kunong'ona watano, wakacheka wote wakitazama tumbo lake. Nyungu ikishachomwa ilipumzika ndani siku tatu, mbali na upepo, halafu mwenyewe aliichukua akaenda kupika uji wa kwanza ndani yake kwenye moto wa kwake. Kabla ya huo uji, mama alisema, hiyo si nyungu bado, ni udongo umeungua.

Mwalimu alikuwa ameweka sheria kwamba kila Jumatano tubadilishane kazi. Kwa hiyo Jumatano moja nilikunja suruali nikakanyaga udongo pamoja na wanawake wale. Walinicheka miguu yangu myembamba. Mama alinipa kipande nikafinyanga kitu kama kikombe kilichokaliwa, naye akakigeuza huku na huku kwa heshima kubwa akaniuliza kwangu tunakula wangapi. Nikasema mimi peke yangu. "Basi kinatosha," alisema. Nilicheka hadi machozi. Naandika haya ili ijulikane kwamba sikuwa mgeni kwenye kazi yake. Nilijua kila nyungu ni ya nani.

Katika wanawake wale kulikuwa na mmoja, mke wa mkulima wa hapo karibu, ambaye alikuja kila siku hata udongo wake ulipokwisha. Hakuwa na maneno mengi. Alikaa kando ya mama akifuata vidole vyake, na wiki ya tatu mama alimwachia afinyange nyungu peke yake mwanzo hadi mwisho. Ilitoka imeinama kidogo upande mmoja. Ilikuwa ya mama mkwe wake, aliyelalamika kwamba mboga ya mrenda iliyopikwa kwenye sufuria haina ladha. Jioni ile mama mfinyanzi alikula ugali wake, halafu akamwambia mzee wa litungu, nami nikasikia, "Nimeipata." Mzee aliuliza amepata nini. "Ile mikono," alijibu.

Na mimi nilikuwa nimepata nini? Nilikuwa na picha nne za Mlima Elgon ambazo hakuna aliyekuja kuzitazama. Watoto walipita, wakauliza kama naweza kuchora mpira, wakaenda. Wakubwa walikwenda kwa mama asubuhi na kwa mzee jioni. Nilikuwa na wivu, tena wivu wa kitoto, wa kumchukia mtu kwa sababu wengine wanacheka akiwa karibu. Nilijiambia kwamba wale hawaelewi sanaa. Nyungu ni chombo cha jikoni, nikasema moyoni, na mimi ndiye msanii hapa.

Wiki ya nne nyungu kumi na tisa zilichomwa kwa nyasi kavu na magunzi ya mahindi. Zote zilitoka nzima, jambo ambalo mama mwenyewe alisema si kawaida. Zikapangwa ndani ya stoo zipumzike, na wanawake wakaambiwa waje Jumamosi. Jumatano alfajiri mama akaletewa habari kwamba kaka yake amefariki, akaenda matanga Sirisia. Na Ijumaa ndiyo wafadhili walikuwa wanakuja na wageni wao kutazama kazi yetu.

Mwalimu alizunguka stooni akiwa na wasiwasi. Alisimama mbele ya zile nyungu akajikuna shingo. "Ni nzuri," alisema, "lakini wageni wataona udongo tu."

Hakuniomba chochote. Nataka hilo lieleweke, kwa maana kwa miaka mingi nilijaribu kumsukumia yeye. Mimi ndiye niliyesema, "Niachie mimi, Mwalimu. Ijumaa hutazitambua."

Nilifunga mlango wa stoo nikatoa makopo yangu ya rangi ya mafuta, ile ile niliyotumia kwenye mabango. Nilichora siku mbili. Nilichora twiga, na twiga sikuwahi kumwona ila kwenye kalenda. Nilichora machweo, minazi, na wanawake wamebeba nyungu, nyungu juu ya nyungu. Nilijua vizuri kwamba rangi ya mafuta haipatani na moto. Mtu wa mabango asiyejua hilo ni yupi? Nilijiambia kwamba zitatazamwa kwanza, na mengine tutayaona. Ile iliyoinama niliiacha ya mwisho, nikaichorea simba upande ulioinama ili kasoro isionekane.

Mzee wa litungu aligonga, akaingia, akazitazama moja baada ya nyingine.

"Mama amekubali?" aliuliza.

"Amekubali," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akatoka. Hakuwa mtu wa kudhani mwenzake anaweza kudanganya juu ya jambo kama hilo.

Ijumaa wageni walifurahi. Walipita mbele ya picha zangu za mlima haraka, lakini kwenye zile nyungu walisimama, wakazipiga picha, wakashikana mikono nami. Mmoja akauliza, mwalimu akitafsiri, jinsi mchoraji na mfinyanzi walivyopata wazo la kuunganisha kazi zao. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha ya pesa zao zote, watu wa sanaa mbalimbali kukutana wakazaa kitu kipya, na hapo mbele yao kilikuwepo. Niliona jinsi mwalimu alivyonitazama kwa matumaini. Nikasema, "Tuliketi na Mama tukakubaliana."

Maneno yale hayajakauka mdomoni mama akaingia. Alikuwa ametoka stendi kwa miguu, kitambaa cha matanga bado kichwani. Alizifikia nyungu kabla ya mtu kumsalimia. Aliinua moja, akainusa, akaikwaruza kwa ukucha. Kisha akasimama karibu nami akaongea chini chini.

"Hii rangi ni ya nini?"

"Ya wageni, Mama. Nitakueleza baadaye."

Mwalimu, ambaye hakusikia, alimshika mkono kwa furaha akamleta mbele. "Mama, waambie wageni vile mlikubaliana na huyu kijana."

Wote wakamgeukia. Mama alinitazama. Sikuweza kuyakimbia macho yake. Nilikuwa na hakika atasema, na kwa kweli nusu yangu ilitaka aseme, ili jambo limalizike.

"Ni hivyo," alisema. "Tulikubaliana."

Wakapiga makofi. Mwalimu, kwa kuchanganyikiwa na furaha, akatangaza kwamba kila mgeni achague nyungu moja aende nayo kama zawadi. Wageni walikuwa kumi na mmoja. Ile yenye simba ilikuwa ya kwanza kuchukuliwa.

Jumamosi asubuhi wanawake walikuja kwa furaha, kila mmoja na kata ya majani makavu ya mgomba ya kuwekea nyungu kichwani. Walikuta nyungu nane zenye twiga. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikiosha brashi kwenye mkebe wa mafuta ya taa. Walisimama wakazitazama, kisha wakamtazama mama. Yule mke wa mkulima alipita katikati yao.

"Yangu iko wapi?"

"Imeenda," mama alisema.

"Imeenda wapi?"

"Na wageni."

"Nani aliwapa? Nani alipaka hizi?"

Mama aligeuka akanitazama mimi, akangoja. Hakunitazama kwa hasira. Alingoja tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Neno lilikuwa moja tu, mimi, na kila mtu angelielewa. Nilichovya brashi kwenye mkebe nikaisugua. Ilikuwa safi tayari. Niliisugua hadi nywele zake zikaanza kutoka.

"Udongo mlinipa mimi," mama akasema mwishowe. "Mimi ndiye sikuangalia vizuri."

"Ati tumekanyaga matope wiki mbili ndio watu wa Nairobi wapate mahali pa kuweka maua?" mmoja alisema. Hakupaza sauti. Wengine walianza kuondoka. Wale ambao nyungu zao zilibaki walizichukua kwa shingo upande, na wenye nyungu zilizoenda wakarudi na kata zao mikononi. Yule mke wa mkulima alisimama kidogo mbele ya mama, machozi yakimlengalenga. "Si ungeniambia unaziuza," alisema. "Mimi nilidhani unanifundisha." Akaenda.

Mchana mwanamke mmoja alirudi na nyungu yake. Alikuwa ameipikia uji. Twiga alikuwa amevimba na kupasuka, na uji ulinuka kama gereji. Aliiweka chini mbele ya mama bila salamu. Nilijitolea kuisafisha, maana nilikuwa natafuta kazi yoyote isiyohitaji kuongea. Niliisugua kwa msasa na tina ya kuyeyushia rangi, na tina ikaingia ndani ya udongo, ikawa haifai hata kwa maji ya kuku.

Mama hakunisema siku ile wala iliyofuata. Jumatatu alikaa peke yake kando ya rundo la udongo tangu asubuhi hadi saa saba. Jumanne vilevile. Hakuna mguu ulioingia pale. Jumatano alifunga vitu vyake kwenye leso, zaidi ya wiki moja kabla ya semina kwisha, na nilipomfuata njiani nikijidai kumsaidia mzigo alisimama.

"Mbele ya wageni nilikufunika," alisema, "kwa sababu umekanyaga udongo na sisi. Mbele ya wenye nyungu ilikuwa kazi yako."

Nilitaka kusema nitarudi niwaambie. Nilikuwa na wiki nzima mbele yangu, na nyumba zao zilikuwa hapo hapo, moshi wao nikiuona. Alichukua mzigo wake mkononi mwangu akaendelea. Wiki ilipita na sikwenda kwa yeyote.

Nilipewa cheti. Nilikitundika kibandani, na watu wakaanza kuniita msanii kwa sababu kiliandikwa hivyo. Nilipata kazi ya kuchora ukuta mzima wa hoteli moja pale Kitale, twiga tena, na wateja wakiuliza nilijifunzia wapi nilisimulia habari za semina: jinsi tulivyoishi kama ndugu, jinsi kila mmoja alivyomtajirisha mwenzake. Nilisimulia vizuri. Kila nikimaliza, mimi ndiye niliyelipa chai.

Miaka mitano au sita ilipita. Nikaitwa Bungoma kuandika duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Siku ya pili, nikishuka kwenye ngazi kutafuta chakula, niliitwa na mwanamke aliyekuwa amezungukwa na mabeseni na ndoo za plastiki za kila rangi.

"Wewe si ni yule fundi wa semina?"

Ni yeye, mke wa mkulima. Walikuwa wamehamia huku, alisema, shamba lile lilileta maneno. Alinisalimia vizuri kuliko nilivyostahili, akageuza ndoo moja chini juu ili nikae, akaniuliza kazi inaendaje. Na mimi, sijui kwa nini siku ile na si nyingine, nikamwambia yote. Mlango niliofunga, uwongo niliomwambia mzee, uwongo niliowaambia wageni, brashi safi niliyoisugua. Haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Nitasema kweli: nilipomaliza nilijisikia mwepesi. Nilijiona mwanamume. Nikakaa nikingoja anitukane au anisamehe, na lolote kati ya hayo lingenifaa.

Alikuwa akipanga mabeseni, dogo ndani ya kubwa.

"Yeye alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Tangu hiyo siku?"

"Tangu hiyo siku."

Alipanga mengine mawili. "Alikuja kwangu mara tatu," alisema. "Ya kwanza alileta udongo wa kwao, mzigo mzima, kutoka Sirisia. Nikamwambia aupeleke kwa wageni wake. Ya pili sikumpa hata kiti. Ya tatu nilikaa ndani kimya, redio inaimba, na yeye ako nje anapiga hodi. Alijua niko. Alikaa hapo kidogo, akaenda."

"Nitaenda Sirisia," nilisema. "Nitaenda nimwombe msamaha, na nimwambie umejua."

"Walimzika mwaka juzi. Niliambiwa nikakataa kwenda. Nilikuwa bado nimemkasirikia."

Mteja akaja akauliza beseni la kuogeshea mtoto. Alimhudumia bila haraka, akamsaidia kuchagua, akamfungia kamba. Kisha akarudi akasimama mbele yangu.

"Sasa wewe umetua mzigo wako hapa kwangu, fundi," alisema. "Umepumzika, nakuona. Mimi sasa nimwambie nani?"

Niliinuka. Nilimrudishia ndoo yake kwa mikono miwili, naye akachukua kitambaa akaipangusa pale nilipokuwa nimekaa, akairudisha kati ya nyingine za kuuza.